Bango la Albamu Katika Mvua ya Isongole

Tangazo la albamu lililochapwa kwenye karatasi linamfuata mtu ambaye huenda hajasikia hata wimbo mmoja, nalo linamtaka aende mahali fulani, siku fulani, akiwa na fedha mfukoni. Redio humwonjesha msikilizaji kibwagizo, na simu humwonyesha kipande cha video. Karatasi haina sauti. Picha, jina, rangi na tarehe ndivyo vinavyobeba muziki usiosikika, na kimoja kikikaa vibaya kazi ya miezi mingi ya mazoezi na ya studio hupita bila mtu kugeuza shingo.

Kata ya Isongole iko upande wa kaskazini wa Wilaya ya Rungwe, kando ya barabara kuu ya lami inayotoka Uyole, Mbeya, kwenda Kiwira, Tukuyu na hatimaye Kasumulu kwenye mpaka wa Malawi. Ni nchi ya juu, yenye baridi, ukungu na viazi mviringo, na si mbali na njia za kupandia kwenye ziwa la kreta la Ngozi. Watazamaji wa bango hapo ni wa aina mbili. Wapo wanaopita ndani ya Koasta na malori bila kusimama, na wapo wanaotembea: wanaouza na kununua viazi, wanafunzi, waendesha bodaboda, waumini wanaotoka ibadani. Kabla msanifu hajafungua kompyuta, inampasa aamue anazungumza na kundi lipi.

Bango linalobandikwa kwenye mlango wa duka katika vijiji hivi mara nyingi ni la kwaya, na sababu yake ni ya kihistoria. Wamisionari wa Moravian walifungua kituo chao cha Rungwe mwaka 1891, na Walutheri wa misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa mwaka huohuo. Leo makao ya Jimbo la Kusini la Kanisa la Moravian yako Rungwe, na ya Dayosisi ya Konde ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) yako Tukuyu. Uimbaji wa sauti nne umekuwa sehemu ya maisha ya sharika kwa vizazi kadhaa. Kwaya ikishapata nyimbo zake nane au kumi, huingia studio, na baada ya studio huja siku ya uzinduzi.

Uzinduzi ndio kiini cha biashara yenyewe. Wakati wa kaseti, na baadaye wa CD, albamu iliuzwa dukani kwa miezi au hata miaka, na kava lake dogo lilikuwa tangazo linalojirudia kila lilipokaa kwenye rafu. Sasa nyimbo husambaa kwa flashi, memori kadi na YouTube, na mauzo ya nakala yamebaki madogo. Kwaya hurudisha gharama zake siku moja: kwa changizo, kwa ahadi za mgeni rasmi, kwa kwaya rafiki zinazokuja na bahasha, na kwa waumini wanaonunua nakala kwa bei iliyopandishwa kwa upendo. Kwa hiyo tangazo la albamu huko Rungwe huuza vitu viwili kwa pamoja, tukio na kazi ya muziki, na ugumu wote wa usanifu unatoka katika ndoa hiyo.

Mabango mengi hutatua ugumu huo kwa kuisahau albamu. Juu kabisa hukaa nembo na jina la kanisa, katikati hujaa nyuso za mgeni rasmi, mchungaji, mwenyekiti wa kamati, MC na waimbaji waalikwa, na jina la albamu hubanwa pembeni kwa herufi zinazolingana na namba ya simu. Shukrani kwa wageni ni jambo jema na la lazima katika jamii yenye heshima zake, lakini mtu akitoka mbele ya bango akakumbuka sura ya mgeni rasmi na asikumbuke jina la albamu, waimbaji wamedhulumiwa. Nafasi kubwa kuliko zote ni haki ya jina la albamu na la kwaya. Majina ya wageni yanaweza kupangwa kwenye mkanda mmoja chini, kwa ukubwa mmoja, kwa mpangilio wa vyeo uliothibitishwa na ofisi ya usharika. Kosa katika cheo cha askofu au mchungaji huleta manung'uniko yanayodumu kuliko bango.

Baada ya jina hufuata mambo ambayo msomaji hawezi kuyakisia: siku, saa, mahali na bei. Tarehe iandikwe pamoja na jina la siku, maana watu hupanga safari kwa Jumapili na kwa siku ya gulio, na kalenda si kitu cha kwanza kukumbukwa. Saa iandikwe kama inavyosemwa, «saa 4 asubuhi». Violezo vya kompyuta huja na 10:00 AM, na msanifu mwenye haraka huviacha hivyohivyo, halafu watu wengine wanafika saa 10 jioni. Mahali napo panahitaji zaidi ya jina la kanisa, kwa kuwa kata moja huwa na makanisa kadhaa ya dhehebu moja. Jina la kituo cha gari na alama ya karibu inayojulikana, kama shule, zahanati au ofisi ya kijiji, humwokoa mgeni anayetoka Kiwira au Uyole. Kama hakuna kiingilio, neno «bure» nalo lina thamani yake. Wapo wanaobaki nyumbani kwa kudhani wataombwa fedha mlangoni.

Ukubwa wa herufi hautegemei ladha tu. Mafundi wa mabango huko nje wana kanuni ya zamani kwamba herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka bila shida kwa umbali wa mita 3, na kimo huongezeka kwa uwiano huohuo. Mtu aliyesimama kwenye kibaraza, mita 3 kutoka mlangoni, ataiona tarehe yenye kimo hicho bila kukaza macho. Abiria aliye mita 10 kutoka kwenye bango anahitaji herufi za sentimita 8. Tena gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo unaoruhusiwa kwenye makazi, hupita takriban mita 14 kila sekunde. Abiria ana sekunde 2 au 3, na hapo maneno matano au sita ndiyo mwisho wa uwezo wake. Karatasi ya A3 ina upana wa milimita 297 na urefu wa milimita 420. Ukiweka herufi nene za sentimita 8, mstari mmoja utabeba herufi tano hivi. Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwamba A3 ni ya mtembea kwa miguu, na kwamba anayemtaka abiria wa Koasta lazima atengeneze bango la pili, pana, lenye jina la albamu, jina la kwaya, tarehe na kijiji pekee. Kulikuza bango lilelile la mlangoni hadi mita 3 hakusaidii, maana msongamano wake hukua nao.

Picha ndiyo inayozua ubishi mrefu zaidi kwenye kamati. Kila mwanakwaya anataka aonekane, na ni haki yake, kwa kuwa amechanga na amekesha kwenye mazoezi. Lakini watu 30 wakipangwa kwa safu tatu katika upana wa A3, kila mmoja hupata chini ya sentimita 3, na uso wake huwa mdogo kuliko kifundo cha kidole gumba. Sare zitaonekana, nyuso hazitaonekana. Kuna njia ambayo haimwonei mtu: picha ya kundi zima iwekwe kwenye kava la CD, mahali ambapo mnunuzi anaishika mkononi na kuitazama kwa nafasi, na bango lichukue waimbaji watatu au wanne wakiwa katikati ya wimbo, vinywa wazi, macho mbele. Picha ya watu wanaoimba hukaribia sauti kuliko picha ya watu waliosimama kama wanapigiwa picha ya pasipoti. Mandhari ya nyuma ipo bure. Mlima Rungwe na miteremko ya migomba na chai ni vya hukohuko, na ni afadhali mara nyingi kuliko maporomoko ya maji ya nchi nyingine yaliyopakuliwa mtandaoni, ambayo pia yana mwenyewe.

Mazoea ya kuuza muziki kwa picha si ya zamani kama muziki wenyewe. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, santuri za wakati huo ziliuzwa ndani ya bahasha za karatasi zisizo na picha ya mwimbaji. Hata neno albamu lilitokana na vitabu vya bahasha hizo vilivyofanana na vitabu vya kuhifadhia picha. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijana wa New York, Alex Steinweiss, aliishawishi kampuni ya Columbia iweke michoro kwenye kava, na dukani santuri ikaanza kujieleza yenyewe. Santuri ya LP ilikuwa na kava la sentimita 31 hivi kila upande, kaseti ikalipunguza hadi kiasi cha kiganja, CD ikaleta sentimita 12, na simu imelifanya mraba mdogo kama kucha. Kava lililochorwa kwa ajili ya simu huvumilia kukuzwa kwenye bango endapo lina wazo moja tu. Lenye mawazo saba halifai popote.

Herufi zina tatizo la pekee katika Rungwe. Kwaya nyingi huimba nyimbo kadhaa kwa Kinyakyusa, na jina la albamu lenyewe huweza kuwa la Kinyakyusa. Lugha hiyo ina irabu saba, na katika tahajia iliyotumiwa na wanaisimu wa shirika la lugha la SIL walio Mbeya, irabu mbili za ziada huandikwa kwa herufi ɨ na ʉ zenye mkato katikati. Fonti nyingi za mapambo hazina herufi hizo. Kompyuta huweka kisanduku kitupu, au huazima herufi kutoka fonti nyingine, na neno linaonekana limeshonwa kiraka. Njia ya haraka ni kuandika i na u za kawaida, kama ilivyozoeleka katika maandiko ya zamani ya kanisa. Njia bora ni kuchagua fonti iliyo kamili, kwa mfano Charis SIL au Andika, ambazo hutolewa bure na zilitengenezwa kwa ajili ya lugha kama hizi. Zaidi ya hapo kanuni ni fupi: aina mbili za herufi zinatosha, na herufi za mwandiko zenye mikia mirefu zisipewe tarehe wala namba ya simu.

Rangi hudanganya. Kioo cha kompyuta huzitengeneza kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu, ilhali mashine ya kuchapa hutumia wino wa aina nne: samawati, waridi iliyokolea, manjano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye kioo hutoka karatasini kimefifia, na zambarau hubadilika kabisa. Faili ligeuzwe kuwa la rangi nne kabla ya kupelekwa kuchapwa, kisha ichapwe nakala moja ya majaribio. Ipo pia hatari inayowagusa waimbaji weusi moja kwa moja. Wino husambaa kidogo unapoingia kwenye karatasi, hasa ya gazeti, na vivuli huwa vizito kuliko vilivyokuwa kwenye picha. Uso mweusi uliopigwa picha kwenye mwanga hafifu, ukawekwa juu ya usuli mweusi, hupotea wote na kubaki meno na kola ya shati. Nyuso ziangazwe mapema, na usuli uwe wa rangi iliyo mbali na rangi ya ngozi. Tena siku za ukungu, ambazo Isongole si chache, rangi za kijivu na buluu hafifu humezwa na hali ya hewa. Manjano iliyokolea au nyeupe yenye herufi nyeusi huonekana kwanza.

Kisha ipo mvua. Tukuyu na miteremko inayoizunguka hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, nyingi zikianguka kati ya Novemba na Mei, na nyanda za juu karibu na Isongole huwa na unyevu hata siku ambazo tone halijaanguka. Hili ndilo jambo linaloamua gharama, na ndilo ambalo wasanifu wa mijini hawalifikirii. Printa nyingi za wino wa maji zinazokaa kwenye stesheneri hutoa rangi nzuri, lakini mvua ya kwanza huziteremsha rangi hizo ukutani kama machozi. Printa ya leza huyeyusha unga wa rangi juu ya karatasi, kwa hiyo picha hubaki hata karatasi inapolowa, ingawa karatasi yenyewe hulegea na kuchanika. Wino wa ofseti una asili ya mafuta, nao huvumilia. Karatasi ya ofisini ya gramu 80 haifai nje kabisa. Ya glosi ya gramu 130 au 150 hukaa vizuri chini ya paa la kibaraza.

Kulamineti husaidia kama kumefanywa kwa uangalifu. Plastiki iachwe ivuke ukingo wa karatasi kwa milimita 5 kila upande. Akiikata sawasawa na karatasi, fundi amefungua mlango wa maji, na siku mbili baadaye doa la kahawia huanza kutambaa kuelekea katikati. Kutoboa tundu la msumari ndani ya karatasi kuna madhara yaleyale, kwa hiyo tundu litobolewe kwenye ukingo wa plastiki pekee, au bango libanwe kwa vipande vya mbao. Gundi ya unga wa ngano, inayopendwa kwa kuwa ni rahisi, huoza na kuachia msimu wa masika. Selotepu haishiki ubao wenye vumbi na unyevu. Kwa bango la barabarani, turubai la plastiki ambalo mafundi huliita fleksi ndilo linalostahimili. Likunjwe na kuchomelewa pindo kuzunguka, liwe na pete za kufungia kwenye kona na katikati ya kila upande, na lifungwe kwa kamba yenye kulegea kidogo ili upepo usiling'oe. Baada ya uzinduzi, fleksi hufunika kuni au viazi, na kwa miezi kadhaa jina la albamu huendelea kusomwa uani.

Kuhusu uchapaji, kamati huuliza kwanza bei ya nakala moja, na swali hilo hupotosha. Ofseti inahitaji bamba moja kwa kila rangi, yaani mabamba manne, na gharama hiyo hulipwa hata kama nakala ni 20. Ndiyo maana bei ya kila nakala hushuka sana zinapofika mamia. Kwa nakala 30 au 50 mashine ya kidijitali ni nafuu. Kwa kata moja na vijiji jirani, mabango hayo machache yaliyowekwa mahali sahihi hutosha, na fedha inayobaki inunue fleksi mbili za barabarani.

Faili linalopelekwa kwa mchapaji lina masharti yake. Picha ya A3 nzima yenye ubora wa nukta 300 kwa inchi huhitaji pikseli 3,508 kwa 4,961. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi hadi pikseli 1,600 hivi kwa upande mrefu, na hizo zinatosha sentimita 13 au 14 tu za uchapaji safi. Mpiga picha atume picha kama hati, au ailete kwenye flashi. Usuli wa rangi uongezwe milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, la sivyo kisu kikiteleza kitaacha uzi mweupe pembeni, na maandishi yakae angalau sentimita 1 ndani. Prufu isomwe na watu wawili, mmoja akitamka namba za simu tarakimu kwa tarakimu huku mwingine akifuatisha kwenye orodha ya awali.

Malipo na mawasiliano yanastahili kona yao yenye mwanga. Namba ya malipo iandikwe pamoja na jina litakalotokea kwenye simu ya mlipaji, maana watu wamejifunza, kwa maumivu, kutotuma fedha kwa jina wasilolijua. Msimbo wa QR unaopeleka kwenye nyimbo ni nyongeza nzuri kwa mwenye simu janja. Uwe na upana wa sentimita 3 au zaidi, uwe mweusi juu ya nyeupe, na uachiwe nafasi tupu kuuzunguka. Mwenye kitochi asiachwe nyuma: maneno mafupi yanayomwambia CD au flashi inapatikana duka gani yana faida zaidi kwake.

Sheria inaingia katika hatua mbili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, hulinda picha na michoro kama inavyolinda nyimbo. Kwaya inayolalamika kwamba nyimbo zake zinachomwa bila ruhusa haiwezi kwa dhamiri safi kuchukua picha ya mtu mtandaoni na kuiweka kwenye bango lake. Hatua ya pili ni mahali pa kubandika. Barabara ya Uyole hadi Kasumulu ni barabara kuu chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, na kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 hifadhi yake hufika mita 30 kila upande kutoka katikati. Bango ndani ya eneo hilo linahitaji kibali, na kulifunga kwenye nguzo ya alama ya barabarani ni hatari kwa madereva kwenye ukungu. Ukuta wa duka, kwa ruhusa ya mwenye duka, na ubao wa matangazo wa kanisa na wa ofisi ya kijiji ni mahali salama, na mtendaji akijulishwa mapema bango halitabanduliwa.

Zaidi ya mabango lipo gazeti, lakini lina nafasi ndogo kwa kwaya ya kijijini, kwa kuwa nafasi hulipiwa kwa sentimita na safu, na wasomaji wake wametawanyika nchi nzima. Kwaya inayotaka kuuza Dar es Salaam au Mbeya mjini inaweza kulifikiria. Hapo picha moja, jina na namba ya simu kwenye usuli mweupe hushinda tangazo lililojaa.

Mabango yakitoka mapema sana, mvua na watoto huyamaliza kabla ya siku. Yakichelewa, watu wameshapanga Jumapili yao. Wiki mbili hadi tatu kabla ya uzinduzi ni kipimo kizuri, kikijumuisha siku moja ya gulio na matangazo mawili ya ibadani, na mtu mmoja apewe jukumu la kuzunguka kila baada ya siku chache akiwa na nakala za kubandika upya. Siku yenyewe, wanaopokea wageni mlangoni waulize kila anayeingia alipata habari wapi, waandike alama kwenye daftari kwa kila jibu: bango la dukani, fleksi ya barabarani, tangazo la kanisani, simu. Daftari hilo, pamoja na faili la usanifu linaloweza kuhaririwa na fonti zake zote, likabidhiwe kwa katibu wa kwaya na lisibaki kwenye kompyuta ya stesheneri, kwa kuwa kava la CD, fulana na bango la albamu inayofuata vyote vitatengenezwa kutokana na faili hilo.